Parashuti ya miaka ishirini iliyolala juu ya betri

Swali:

"Fundi, habari za kazi. Mimi ni rubani wa glaida, ile ndege isiyo na injini. Naishi Entebbe lakini naruka Mweiga, upande wa Nyeri, mara nne au tano kwa mwaka nikipata likizo. Mwaka 2019 nilinunua parashuti ya dharura ya kuvaa mgongoni kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa anaacha kuruka. Kibandiko chake kinasema imetengenezwa 2003. Haijawahi kufunguliwa hewani hata siku moja, na kwa nje inang'aa. Naiweka stoo, kwenye rafu ya chuma, ndani ya kavera kubwa nyeusi, yaani mfuko wa plastiki, ili vumbi lisiingie. Rafu ya chini yake ina betri mbili za sola na inveta. Nikisafiri naitia kwenye buti ya gari. Kadi yake inaonyesha ilikunjwa mara ya mwisho Machi 2022. Rafiki yangu mmoja ananiambia nailoni haiozi, na kwamba kuikunja kila mara ndiko kunakoichosha. Mwingine anasema ikishafika miaka ishirini ni takataka. Mke wangu naye anauliza kwa nini nahangaika na kitu ambacho sijawahi kukitumia. Nimsikilize nani? Na niiweke wapi?"

Jibu:

Ndugu yangu, kabla hujaendelea kusoma, nenda stoo ukaitoe hiyo parashuti. Ivue kavera, iweke chumbani juu ya kiti, mbali na dirisha. Usiifungue wala usivute chochote. Sababu nitakueleza, lakini isilale na hizo betri usiku mwingine.

Sasa tuzungumze taratibu. Shemeji ameuliza swali la haki, kwa hiyo nimjibu yeye kwanza. Rubani wa ndege ndogo ya injini kwa kawaida havai parashuti, lakini wa glaida anavaa, kwa sababu glaida hutafuta hewa inayopanda, na ikipatikana sehemu nzuri hukusanyika hapo kadhaa, zikizunguka pamoja kwenye duara moja, kila moja ikiwa na sehemu ambayo rubani wake haioni. Bawa likigusa bawa, chombo kinaweza kupoteza mkia au usukani, na hakuna tena cha kuendesha. Siku hiyo rubani ana sekunde chache tu za kutupa kioo kinachomfunika, kufungua mikanda, kutoka na kuvuta mpini wa kufungulia parashuti. Kitu ambacho kimekaa mgongoni miaka yote bila kutumika kinatakiwa kifanye kazi mara moja tu, na mara hiyo hakuna wa kukijaribu kabla yako. Kwa hiyo unahangaika na jambo linalostahili.

Kwako wewe, naona maswali yako mawili, la umri na la mahali pa kuweka, ni swali moja. Ninapofungua parashuti mezani kwangu, tarehe ya kutengenezwa inanipa nusu ya habari tu. Nusu nyingine iko kwenye pua na vidole: imelala wapi, ililowa lini, ilikaa jua la saa ngapi, ilipakana na nini. Nimeona mwavuli, yaani kile kitambaa cha parashuti kinachofunguka hewani, wa miaka kumi na minane ukiwa na nguvu zake zote, na nimeona wa miaka tisa ambao nisingeufungia hata gunia la mkaa.

Rafiki yako wa kwanza anasema nailoni haiozi. Kuna ukweli ndani yake. Parashuti za zamani zilikuwa za hariri, na hariri ni uzi wa mdudu, ukungu na wadudu huila. Nailoni ilipatikana katika maabara za DuPont kule Marekani mwaka 1935, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ikachukua nafasi ya hariri kwenye miavuli. Sheria ya Marekani mpaka leo inatenganisha mbili hizo: parashuti ya nailoni au uzi mwingine wa kiwandani iwe imekunjwa na fundi mwenye cheti ndani ya siku 180 zilizopita, ya hariri au uzi wa asili ndani ya siku 60. Kwa hiyo ndiyo, kuvu haiwezi kuila nailoni kama inavyokula pamba.

Lakini kutokuoza si kutokuchoka. Nailoni ni minyororo mirefu sana ya molekuli, iliyounganishwa kiungo kwa kiungo, na nguvu ya kitambaa inatokana na urefu wa minyororo hiyo. Kuna vitu vitatu vinavyoikata: mwanga wa jua, hasa ile sehemu isiyoonekana, yaani urujuanimno, joto linalodumu, na asidi. Havikati yote kwa mkupuo. Vinakata kiungo hapa, kiungo pale, mwaka baada ya mwaka, na ndiyo maana jicho halioni. Weka mkufu wa shanga mezani, kisha kata uzi wake sehemu tatu bila kuusogeza. Ukiutazama bado ni mkufu mzima. Utajua siku utakapouinua. Parashuti "inayong'aa kwa nje" ni huo mkufu mezani, na kuinuliwa kwake ni pale mwavuli unapojaa upepo kwa ghafla huku mwili wako ukining'inia chini yake.

Katika vitatu hivyo, asidi ndiyo inayonitia hofu kwako. Betri ya risasi na asidi ya salfuri inapochajiwa hutoa gesi, na gesi hiyo hubeba vitone vidogo mno vya asidi. Angalia vichwa vya betri zako: ule unga mweupe au wa kijani unaoota pale kwenye nati ni kazi yake. Kama inakula shaba na risasi, fikiria inafanya nini kwenye kitambaa chepesi cha gramu arobaini hivi kwa mita ya mraba. Betri zilizofungwa kabisa hutoa kidogo zaidi, lakini nazo zina tundu la kupumulia zikichajiwa kupita kiasi, na inveta zetu nyingi za nyumbani hazijapangwa vizuri. Asidi ikikutana na unyevu ndani ya nailoni inavunja vile viungo kimoja kimoja, na haiishi kazi baada ya siku moja, kwa sababu inabaki pale pale.

Niliwahi kuletewa parashuti iliyokuwa imekaa kwenye chumba cha kuchajia betri. Begi lake lilikuwa safi. Nilipotandaza mwavuli, kwenye paneli moja karibu na ukingo nikaona doa la rangi ya chai iliyochujuka, dogo kuliko kifuniko cha soda. Nikaweka dole gumba katikati ya doa na kubonyeza, kama mtu anayepima embe. Kitambaa kikaachia bila hata sauti ya kuchanika. Sentimita tano pembeni kitambaa hicho hicho kilikuwa na nguvu kabisa. Mwenyewe alikuwa ameivaa mwezi uliotangulia.

Wala usidhani asidi hutoka nje tu. Miaka ya 1980 mafundi Marekani waligundua kwamba miavuli mingi ya duara iliyotengenezwa katika muongo ule ilikuwa inaliwa na sehemu yake yenyewe: wavu ulioshonwa kwenye matundu ya kupitishia hewa ulikuwa na asidi, na nailoni iliyogusana nao ikiwa imekunjwa ilikuwa inadhoofika. Tangu hapo fundi akipata parashuti ya kipindi hicho hupaka kidogo dawa ya bromokresoli ya kijani, inayogeuka manjano ikikutana na asidi, kisha hushika kitambaa kwa vibanio viwili na kukivuta kwa mizani. Kwa miavuli mingi kipimo kilikuwa ratili 40, karibu kilo 18. Hazikuwa parashuti zilizotumika vibaya. Nyingi zilikuwa kama yako, hazijawahi kufunguka hewani, zikilala kimya ndani ya mabegi yake.

Hapo unaona kwa nini ile sentensi ya "haijawahi kufunguliwa" hainipi raha sana. Wauzaji wa mitumba wanaipenda, na simlaumu mzee aliyekuuzia kwa kuisema. Lakini kufunguka hewani mara moja kwa mwendo wa kawaida ni jambo ambalo mwavuli mzuri umetengenezwa ulistahimili. Miaka ya kubanwa ndani ya begi kwenye stoo ya Entebbe, ziwa likiwa hapo chini na asubuhi zenye unyevu mpaka shati halikauki, hiyo haiandikwi popote.

Turudi kwenye dai la pili la rafiki yako, kwamba kukunja kunaichosha. Hapa pia ameshika kipande cha ukweli. Kila unapotandaza kitambaa na kukivuta unakisugua kidogo, na kile kipimo cha vibanio chenyewe, kikirudiwa sehemu ile ile, kinaweza kuumiza kitambaa, ndiyo maana fundi makini hakifanyi kila mara. Lakini pima faida na hasara. Fundi anapofungua, anatafuta madoa, ukungu, panya na mishono iliyolegea. Anabadilisha mipira inayoshika kamba. Anaangalia springi ya parashuti ndogo, ile inayoruka kwanza na kuvuta mwavuli mkubwa, kama bado ina nguvu baada ya kubanwa miezi mingi. Anaachanisha mikunjo iliyogandamana. Anapima nguvu ya kuvuta mpini, ambayo kwa viwango vya Marekani haitakiwi kuzidi ratili 22, karibu kilo 10, ili mtu aliyeogopa, mwenye mkono mmoja ulioumia, aweze.

Ile mipira ndiyo ningependa kila rubani aione. Kwa hali ya hewa yetu, mpira uliokaa miaka miwili au mitatu hugeuka ukawa kama sukari guru iliyoachwa juani: unanata, unaganda kwenye kamba, ukiuvuta unaacha uzi mweusi. Kamba zilizotakiwa kutoka moja baada ya nyingine kwa mpangilio zinatoka kwa bonge. Yako haijafunguliwa tangu Machi 2022. Hata kama ingekuwa imetoka kiwandani mwaka juzi, kwa kadi hiyo pekee nisingekuruhusu upande nayo. Vipindi vya kukunja si vya mbinguni. Hata Wamarekani walikuwa na siku 120 kwa nailoni mpaka Desemba 2008 walipoongeza hadi 180, na baadhi ya watengenezaji wa Ulaya wanaruhusu mwaka mzima. Lakini hakuna mtengenezaji ninayemjua anayeruhusu kipindi kama chako. Kwa parashuti inayoishi kando ya ziwa ningeshika miezi sita na kutosogea hapo.

Rafiki wa pili, yule wa miaka ishirini, anakosea njia lakini anafika karibu na mahali panapofaa. Hakuna kinachotokea usiku wa kuamkia mwaka wa ishirini na moja. Watengenezaji wengi huandika kikomo kwenye kitabu cha maelekezo, mara nyingi kati ya miaka 15 na 20. Wengine, hasa wa Marekani, hawaandiki kikomo na wanamwachia fundi aamue kila anapoifungua. Kikomo kimeandikwa, kimekwisha: kifuate hata kama kitambaa kinaonekana kizuri, kwa sababu mtengenezaji ndiye aliyeijua nailoni yake, nyuzi zake na gundi zake, na fundi yeyote mwenye cheti anayefuata kitabu atakataa kuikunja. Kikomo hakikuandikwa, basi miaka ishirini ni mahali pa kusimama na kuhoji kila kitu, na mashaka yakiwa mengi jibu liwe hapana.

Kwa hiyo soma kibandiko chako vizuri. Utakuta jina la mtengenezaji, modeli, namba, mwezi na mwaka, na kama ni ya Marekani kutakuwa na maandishi TSO-C23, yaani kiwango chao cha parashuti, yakifuatwa na herufi. Herufi ya b ni ya viwango vya zamani, c na d ni za baadaye. Mara nyingi utakuta pia uzito na mwendo wa juu unaoruhusiwa. Usiuruke uzito. Uzito huo ni wewe pamoja na nguo, viatu, na parashuti yenyewe. Kule Nyeri unaruka juu ya nchi iliyoinuka, na hewa nyembamba inapunguza breki: ukitua penye mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, unashuka haraka zaidi kwa karibu asilimia 9 kuliko ambavyo ungeshuka Mombasa kwa mwavuli ule ule. Mwavuli mdogo kwa mtu mzito, juu ya mawe ya nyanda za juu, ni miguu iliyovunjika.

Sasa uamuzi. Ukiniuliza kama fundi, hiyo parashuti usiivae tena. Nasema hivi kwa kujumlisha: zaidi ya miaka ishirini, historia ya kabla ya 2019 huijui, kadi imelala tangu 2022, plastiki iliyofungia unyevu ndani, na asidi chini yake. Kila moja peke yake ningeweza kuijadili. Zote pamoja, hapana. Najua unaweza kumpata mtu atakayeifungua, asione doa, na kukwambia iko sawa. Labda iko sawa kweli. Shida ni kwamba doa la asidi linaweza kuwa la ukubwa wa ukucha, na mwavuli wa duara una mita za mraba arobaini hivi za kupekua.

Njia zako ni tatu, na nitakupa bei ya kila moja kwa uaminifu. Ya kwanza ni kuipeleka ikaguliwe na kupimwa. Itakugharimu safari na malipo ya fundi, na kwa umri wake uwezekano mkubwa ni kurudi na jibu hilo hilo nililokupa bure. Ningeifanya tu kama kitabu chake hakina kikomo na unataka uhakika wa moyo. Ya pili ni kununua mpya. Hesabu dola za Marekani kati ya 2,000 na 3,500, yaani kama shilingi milioni saba za Uganda na kuendelea, bado usafiri na ushuru. Ni pesa nyingi kwa mtu anayeruka mara tano kwa mwaka, naelewa, lakini igawanye kwa miaka kumi na tano uione. Ya tatu ni mtumba wa miaka mitano hadi minane, wenye kadi isiyo na mapengo, uliokunjwa na fundi yule yule kila mara, na muuzaji anayekubali fundi wako aifungue kabla hujalipa. Akikataa ifunguliwe, usinunue. Kwa hali yako ningependelea hii ya tatu, na mpaka uipate, omba parashuti ya kuazima ukifika uwanjani. Na ikikosekana ya kuazima, siku hiyo usiruke.

Sasa mahali pa kuweka, maana hiyo utakayoipata inahitaji nyumba nzuri kuliko hii. Kanuni ni rahisi: pakavu, penye giza, penye ubaridi wa kawaida, pasafi. Chumba cha kulala cha nyumba ya kawaida Entebbe kinafaa. Paa la stoo la mabati bila dari halifai, mchana kunakuwa tanuri. Usiiweke sakafuni, wala ukutani upande wa nje ambako mvua za Aprili na Novemba zinapenyeza. Rafu ya katikati ya kabati, katikati ya nguo, ni pazuri sana.

Kavera iache kabisa. Watu hudhani plastiki inazuia unyevu, lakini inauzuia usitoke. Begi limebeba jasho la mgongo wako na hewa ya ziwa. Usiku joto likishuka, maji yanakaa ndani ya plastiki kama kwenye kioo cha dirisha. Tumia mfuko wa pamba, hata foronya kubwa itafaa, na pakiti chache za zile chembe za kunyonya unyevu, uzibadilishe au uzikaushe kila zinaposhiba.

Panya ndio shida ya pili kwetu. Nimewahi kukuta maganda ya karanga na viota ndani ya begi, na kamba tatu zimekatwa kama kwa mkasi. Dawa ya hili iko kila nyumba yenye mtoto aliyesoma bweni: lile sanduku la bati la shule. Lisafishe, hakikisha halina kutu ndani, litandike shuka la pamba, weka parashuti ndani ya mfuko wake na zile pakiti, na ulifungue mara moja kwa wiki lipate hewa. Mende na mchwa nao hawapendi bati. Lakini usipulizie dawa ya wadudu ndani yake wala juu ya begi. Kama unapuliza chumba, litoe kwanza.

Kuhusu safari: kutoka Entebbe kupita Busia, Kisumu, Nakuru na Nyahururu mpaka Mweiga ni safari ya siku mbili kwa mtu asiyekimbia, na buti ya gari lililosimama juani mchana hupata joto kali. Joto la saa tatu halitaua nailoni, lakini mipira itaumia, na kama jambo hilo linarudiwa kila safari kwa miaka linajumlika. Iweke ndani ya gari, nyuma ya kiti cha mbele, imefunikwa kitambaa kizito kisichopitisha mwanga. Isikae pamoja na jerikeni la petroli, wala samaki wa Kisumu, wala betri ya akiba ya glaida. Petroli haikati kitambaa kama asidi, lakini huharibu lastiki na mipira, na kuacha doa ambalo fundi hataweza kulitofautisha na la hatari.

Uwanjani ndiko marubani wazuri hukosea. Wakishatua wanaiacha parashuti ndani ya glaida kama mto wa kiti, kioo kimefungwa, wanaenda kunywa chai. Kile kioo cha plastiki hakizuii miale yote, na hapa tuko kwenye ikweta. Mikanda ya mabegani ndiyo inayopigwa zaidi. Shika ukanda wa zamani uukunje: upande uliokuwa chini ya pedi una rangi yake, upande wa juani umefifia na unakwaruza kama kamba ya katani. Kufifia huko ni nailoni iliyokufa juu juu. Kwa hiyo ukitua, itoe, iweke kivulini. Kama mgongo ulilowa jasho, iache ipigwe upepo wa kivuli kabla ya kuirudisha kwenye mfuko. Usiibebe kwa kushika mpini wala kuiburuza kwenye nyasi zenye umande. Ikilowa sana, kwa mvua au kwa kuanguka majini, usiianike juani wala usiifungue mwenyewe. Ni ya fundi, siku hiyo hiyo ukiweza.

Kila asubuhi kabla ya kuvaa, fungua ule mfuniko wa nyuma uangalie pini: zimenyooka, zimeingia hadi mwisho, uzi mwekundu wa fundi na muhuri wake wa risasi havijakatika. Angalia kadi. Vuta mishono ya mikanda kwa vidole. Inuse. Harufu ya ukungu au uchachu kama wa siki, usiivae. Dakika mbili hizo zinatosha.

Na tafadhali, mshono ukilegea usimpelekee fundi wa viatu Owino au mshonaji wa Katwe kule Kampala. Nawaheshimu, wanashona vitu ambavyo mimi siwezi, lakini uzi wa parashuti una aina yake na idadi yake ya mishono kwa kila inchi, na tundu la sindano lililozidi linadhoofisha ukanda. Anayetakiwa ni fundi wa parashuti mwenye cheti kinachotaja aina yako. Kwa vyeti vya Marekani, kwa mfano, aina za mgongoni, za kukalia na za kifuani zinaandikwa kila moja kwa jina, na anayekunja za mchezo wa kuruka si lazima awe na ruhusa ya za marubani. Muulize akuonyeshe, na umuulize kama ana kitabu cha modeli yako. Hataona vibaya, asiye na cheti ndiye atakayekasirika. Anzia kwa klabu yako ya Mweiga, maana parashuti zao lazima zikunjwe na mtu.

Ile ya zamani usiitupe bado. Siku ukiwa Mweiga, mwombe fundi au mwalimu wa klabu awepo, uivae mahali pa wazi pasipo na upepo, ujifunge mikanda yote kama unavyofanya kwenye glaida, kisha uvute mpini. Marubani wengi hawajawahi kuuvuta hata mara moja. Utashangaa jinsi waya ulivyo mrefu, na jinsi mkono unavyotaka kusimama katikati. Vuta mpaka mwisho, mpaka mpini ubaki mkononi pamoja na waya wake wote. Halafu utandaze mwavuli kivulini na uupekue paneli kwa paneli ukiwa na fundi, hasa ule upande uliokuwa umeelekea betri. Ukikuta doa, lipige picha unitumie.

Mkishamaliza, kata mikanda ya mabegani kwa kisu na uandike HAIFAI kwa wino mkubwa kwenye begi na kwenye mwavuli, ili isije ikapita mikono mitatu na kumfikia kijana mwingine ikisemwa haijawahi kufunguliwa.